Safari za Makafi Hadi Ruzizi

Anayeshuka kutoka Nyakabere kuelekea mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, hupita nchi iliyo kavu kuliko anavyotazamia mtu aliyesikia sifa za ziwa. Bonde la Ruzizi limelala kati ya milima ya Itombwe upande wa magharibi na milima ya Burundi upande wa mashariki, na mawingu humwaga sehemu kubwa ya mvua yake huko juu. Bondeni hubaki miiba, mikoche na majani ya rangi ya vumbi wakati wa kiangazi. Halafu unafika penye maji: Tanganyika, ziwa lenye urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470, ambalo kwa kina linapitwa na Baikal peke yake duniani.

Leo mgeni akifika pwani kama hii huuliza kuna nini cha kufanya majini. Wageni wa kwanza walioacha maandishi juu ya Uvira walikuja na jambo moja tu la kufanya: kupanda mtumbwi mpaka mdomo wa Ruzizi na kutazama maji yanakwenda upande gani. Mto ukitoka ziwani kuelekea kaskazini, basi huenda ndio chimbuko la Nile. Ukiingia, Nile itafutwe kwingine.

Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Ujiji, pwani ya mashariki ya ziwa, mwezi Februari 1858, wote wawili wagonjwa. Homa ilikuwa imemnyima Burton nguvu za miguu, na baadaye vidonda vya ulimi vilimfanya ashindwe hata kula na kusema. Speke alikuwa haoni vizuri, na majuma machache baadaye sikio lake moja liliharibika baada ya mdudu kuingia ndani. Kwa malipo makubwa ya nguo na shanga walikodi mitumbwi miwili kwa Kannena, mkuu wa Kawele, karibu na Ujiji. Ilikuwa magogo makubwa yaliyochongwa, hayana kivuli wala mahali pa kujinyoosha. Wapiga makafi walikaa kwa safu na kuimba, na kila kafi lilipoinuka lilirusha maji juu ya abiria. Walifuata pwani ya mashariki, wakavuka kwenda rasi ya Ubwari, wakapanda kaskazini, na tarehe 26 Aprili wakatia nanga Uvira.

Uvira haikuwa kijiji cha pembeni. Ndipo ulipoishia mwendo wa wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili upande huu wa ziwa, na soko lake lilikuwa na nafaka, pembe za ndovu, nguo za magome ya miti na, kwa huzuni, watumwa. Wana watatu wa Maruta, mkuu wa Uvira, walikuja kuwaona wageni. Waliulizwa habari za Ruzizi, wakajibu kwamba mto unaingia ziwani. Waliokuwapo wakathibitisha. Wapiga makafi walikataa kusonga mbele, wakiogopa watu wa huko kaskazini, na Burton akageuka bila kuuona mto.

Hapo ndipo jambo lilipoharibika, na mimi naona halikuharibiwa na uhaba wa habari. Jibu lilikuwa limetolewa na watu waliozaliwa kando ya mto huo. Lakini Speke alipotangaza kwamba Nile inatoka ziwa Nyanza, yaani Victoria, na urafiki wao ukafa, Burton alilirudia swali lile kana kwamba halijapata kujibiwa, akaanza kutetea wazo kwamba Ruzizi unatoka ziwani. Speke alifariki kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo wao huko Bath. Wasomi wa Ulaya waliendelea kubishana juu ya jambo ambalo mvuvi yeyote wa Kavimvira, Uvira, angelimaliza kwa sentensi moja.

Novemba 1871 Henry Stanley na David Livingstone walitoka Ujiji kwa mtumbwi walioazimwa na Said bin Majid. Safari yao ilikuwa nyepesi kuliko ya Burton, na wenyewe waliiita matembezi ya kujifurahisha. Walilala ufukoni, walipika, walipewa vyakula na wakuu wa Burundi, na katika msafara wa Stanley alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, yule yule aliyefika Uvira na Burton. Kwenye delta waliingia matete kwa mtumbwi mwembamba. Mkondo ulikuwa mkali, maji ya udongo, mamba wengi, na maji yote yalikuwa yakija kuwakabili. Ruzizi unaingia.

Wanajiolojia baadaye walieleza sababu. Zamani maji ya ziwa Kivu yalikwenda kaskazini. Volkano za Virunga ziliziba njia hiyo, ziwa likapanda hadi likapata mwanya kusini, na Ruzizi ukazaliwa ukishuka kuelekea Tanganyika.

Ziwa Tanganyika lenyewe halikai mahali pamoja. Stanley aliporudi mwaka 1876 na mashua yake Lady Alice aliukuta mlango wa mto Lukuga, magharibi, umezibwa kwa matope na mafunjo, na maji yakipanda. Mwaka 1878 maji yalivunja kizuizi hicho. Kufikia miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka kwa mita kama 10, na sehemu kubwa ya mchanga ambao Uvira imejengwa juu yake ni zawadi ya mshuko huo. Lakini ziwa lilipanda tena miaka ya 1960, na tena tangu 2020, likifunika nyumba za Kavimvira na sehemu za bandari ya Kalundu. Mwezi Aprili 2020 mto Mulongwe nao ulifurika na kuua watu mjini. Mtu asizungumze juu ya fukwe za Uvira pasipo kuwakumbuka waliolala juu yake wakaamka ndani ya maji.

Chini ya maji kuna utajiri mwingine. Msafara wa Wabelgiji wa 1946 hadi 1947 ulipima kina cha ziwa na kukusanya samaki wake, na kituo cha utafiti cha Uvira kikafuata. Georges Marlier, aliyefanya kazi hapo, mwaka 1959 alieleza kisayansi samaki wa mawe kutoka Bemba, kusini mwa Uvira, aitwaye *Tropheus duboisi*. Watoto wake ni weusi wenye madoa meupe. Wakikua hupata mkanda mweupe kiunoni na kichwa cha buluu. Leo wanafugwa katika vioo vya majumbani Ulaya na Marekani, na wenye kuwafuga wengi hawajui Bemba iko wapi.

Mwenyeji wa Uvira anajua ziwa kwa njia nyingine. Usiku usio na mwezi taa za wavuvi hutapakaa mbele ya mji, kwa sababu ndagala hufuata mwanga. Mwezi ukijaa, nyavu hukaa nchi kavu. Kuanzia Mei upepo wa kusini huinua mawimbi, na mwenye mtumbwi mdogo hutoka alfajiri au hatoki. Watoto huogelea karibu na mahali mama zao wanapofua, na maji hayo hayo kwa miaka mingi yamebeba kipindupindu, ndiyo maana mabomba ya maji safi yameombwa Uvira kwa uchungu kuliko hoteli yoyote ya ufukoni. Anayetaka kuona mdomo wa Ruzizi bado hutafuta mtu wa kumpeleka, na humkuta miongoni mwa wavuvi, ambao humwambia kwanza viboko wako upande gani asubuhi hiyo.