Kipaji au Malezi? Miaka ya Awali ya Luke Littler katika Mchezo wa Vishale, 2007–2025

1.0 Utangulizi

Insha hii inachunguza miaka ya awali ya Luke Littler, mchezaji wa kulipwa wa vishale kutoka Uingereza, tangu alipozaliwa mwaka 2007 hadi alipotwaa ubingwa wa dunia tarehe 3 Januari 2025. Kipindi hiki kimeandikwa sana na wanahabari, lakini kwa mtindo mmoja: kijana wa miaka 16 asiyejulikana aliibuka usiku mmoja na kuwaangusha wakongwe. Masimulizi ya aina hiyo yanapendeza, lakini yanamwacha mwanahistoria na swali lisilojibiwa. Ikiwa kipaji pekee kinatosha, kwa nini mchezo huu ulikaa miongo kadhaa bila kumpata bingwa wa dunia mwenye umri wa chini ya miaka 20?

Hoja kuu ya insha hii ni kwamba Littler hakuibuka ghafla. Alikuwa zao la mfumo wa malezi ya vijana uliojengwa polepole baada ya mchezo wa vishale kuanza kutoka baa na kuingia katika vituo vya mafunzo. Hata hivyo, mfumo huo haumwelezi mtu mzima mzima. Zipo sehemu za safari yake ambazo haziwezi kueleweka bila kumtazama mchezaji mwenyewe akiwa amesimama mbele ya ubao.

2.0 Usuli: Mchezo wa Watu Wazima

Mchezaji wa vishale husimama umbali wa mita 2.37 kutoka kwenye ubao ambao kitovu chake kiko mita 1.73 kutoka ardhini. Huanza na alama 501, akazipunguza kwa kurusha vishale vitatu kila zamu, na hawezi kushinda mpaka kishale cha mwisho kiingie katika dabo, yaani ukanda mwembamba wa ukingoni unaozidisha alama mara mbili. Kila mara anapomaliza alama hizo kabla ya mpinzani hupata legi moja. Legi kadhaa hufanya seti. Kipimo kikuu cha ubora ni wastani wa alama kwa kila vishale vitatu. Idadi ndogo kabisa ya vishale inayoweza kumaliza legi ni tisa, na kuifikia huhesabiwa kuwa ukamilifu.

Hakuna kanuni yoyote kati ya hizo inayomzuia mtoto. Kilichomzuia kilikuwa mahali. Nchini Uingereza mchezo huu ulilelewa katika baa, na baa ni makazi ya watu wazima. Chama cha vishale cha Uingereza, BDO, kilichoanzishwa mwaka 1973 na Olly Croft, kiliupangia mchezo ligi na mashindano, na mwaka 1978 kikaanzisha ubingwa wa dunia uliodhaminiwa na kampuni ya sigara. Katika miaka hiyo ya mwanzo, wachezaji walivuta sigara na kunywa bia jukwaani mbele ya kamera. Mazingira hayo yaliwazalisha mabingwa wakubwa, lakini hayakumpa mtoto nafasi ya kujifunza isipokuwa alipofuatana na mzazi.

Hivyo, ujana katika mchezo huu ulikuwa na maana tofauti na ile ya michezo mingine. Eric Bristow alipotwaa ubingwa wa dunia mwaka 1980 akiwa na miaka 22, alionekana kijana. Keith Deller aliposhinda mwaka 1983 akiwa na miaka 23, alionekana hivyo pia. Jelle Klaasen wa Uholanzi alipotwaa ubingwa wa BDO mwaka 2006 akiwa na miaka 21, ilihesabiwa kuwa maajabu.

3.0 Mgawanyiko na Kuzaliwa kwa Mfumo wa Vijana

Badiliko la kwanza halikuwalenga vijana. Mwaka 1992 wachezaji mashuhuri waliochoshwa na kupungua kwa matangazo ya televisheni na udhamini waliunda chombo chao, ambacho baadaye kilikuja kuitwa PDC. Mwaka 1994 walifanya ubingwa wao wa dunia. Ugomvi kati yao na BDO ulifika mahakamani, na suluhu ilipatikana mwaka 1997. Tangu hapo dunia ya vishale ikawa na mabingwa wawili kila mwaka, mpaka BDO ilipoanguka mwaka 2020.

Matokeo ya mgawanyiko huo yalikuwa ya kifedha kwanza. PDC iliuuza mchezo kama burudani ya televisheni, na ubingwa wake ulipohamia Alexandra Palace jijini London kwa mashindano ya 2008, maelfu ya watazamaji walijaza ukumbi kila usiku. Fedha zilipoongezeka, kuwa mchezaji wa vishale kukawa kazi ambayo mzazi angeweza kuifikiria kwa mwanawe bila aibu. Hapo ndipo taasisi za vijana zilipopata mashiko. Mwaka 2011 PDC ilianzisha ubingwa wa dunia wa vijana pamoja na mfululizo wa mashindano yao. Kwa upande wa watoto wadogo zaidi, vituo vya mafunzo vilienea katika miji ya Uingereza na kuunganishwa chini ya shirika la JDC, lenye mashindano na viwango vyake.

Mfano wa Michael van Gerwen unaonyesha pengo lililokuwepo kabla ya hapo. Mholanzi huyu alitwaa taji la World Masters mwaka 2006 akiwa na miaka 17. Kwa kipaji hakuwa na upungufu. Lakini alipohamia PDC alikaa miaka kadhaa bila taji kubwa, akachukua ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza Januari 2014, akiwa na miaka 24. Kuanzia hapo hadi Januari 2025 ndiye aliyekuwa bingwa mdogo zaidi wa dunia katika historia ya PDC. Kijana wa 2006 alitoka mashindano ya ridhaa akaingia moja kwa moja katika ulimwengu wa wakubwa. Daraja la katikati halikuwa limejengwa.

4.0 Utoto na Mafunzo, 2007–2023

Littler alizaliwa tarehe 21 Januari 2007 katika mji wa Runcorn, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, na kukulia Warrington. Kabla ya kutimiza miaka miwili alikuwa tayari akirusha vishale vya sumaku nyumbani. Jambo hili limerudiwa mno katika masimulizi ya umaarufu wake, nalo ni kweli, lakini peke yake halielezi kitu. Watoto wengi wamenunuliwa ubao wa sumaku.

Kilichomtofautisha na wengi ni hatua iliyofuata. Akiwa bado mtoto alijiunga na kituo cha vishale cha St Helens, kisicho mbali na kwao, akawa anacheza kila mara dhidi ya watoto wengine mbele ya mwalimu. Katika mashindano ya JDC alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana mara mbili. Mwaka 2022, akiwa na miaka 15, alicheza ubingwa wa dunia wa shirikisho la WDF katika ukumbi wa Lakeside dhidi ya watu wazima. Hakufika mbali, lakini alikwisha kusimama katika jukwaa la wakubwa kabla umma haujalijua jina lake.

Kanuni za PDC huruhusu mchezaji kuingia katika mashindano yake anapotimiza miaka 16. Littler alifikia umri huo Januari 2023, na mwaka huo akacheza katika mashindano ya vijana ya chombo hicho. Mnamo Novemba 2023 alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana kwa kumshinda Gian van Veen wa Uholanzi legi 6 kwa 4. Wiki chache baadaye akaingia Alexandra Palace. Kwa hiyo, aliyeitwa mgeni alikuwa na takriban miaka kumi na minne ya kurusha vishale na ushindani wa kila ngazi iliyokuwepo. Ugeni wake ulikuwa machoni mwa watazamaji.

5.0 Alexandra Palace, Desemba 2023 hadi Januari 2024

Katika mechi yake ya kwanza Littler alimshinda Christian Kist seti 3 kwa 0 kwa wastani wa 106.12, wastani wa juu kuliko wa mchezaji yeyote aliyewahi kuanza katika ubingwa huo. Baada ya hapo aliwatoa Andrew Gilding na Matt Campbell, kisha akakutana na Raymond van Barneveld, bingwa wa dunia mara tano, aliyekuwa na zaidi ya mara tatu ya umri wake. Alimshinda seti 4 kwa 1. Brendan Dolan alifuata katika robo fainali, na katika nusu fainali Rob Cross, bingwa wa 2018, alishindwa seti 6 kwa 2.

Fainali ya tarehe 3 Januari 2024 dhidi ya Luke Humphries ndiyo inayostahili kuchunguzwa zaidi, kwa kuwa ndiyo aliyoshindwa. Littler aliongoza seti 4 kwa 2, akapata nafasi ya kurusha kishale kwenye dabo ya 2 ili afikishe seti 5 kwa 2. Alikosa. Humphries aliichukua seti hiyo na nyingine zote zilizofuata, seti tano mfululizo, akawa bingwa kwa 7 kwa 4. Takwimu zinaonyesha kuwa kijana hakuporomoka: wastani wake ulikuwa 101.13 dhidi ya 103.67 wa mpinzani. Kilichopungua ni ule uimara wa kumaliza jambo lililokaribia kumalizika, na huo hakuna kituo cha mafunzo kinachoweza kuufundisha kwa ukamilifu, kwa sababu hakuna kituo chenye fainali ya dunia.

Usiku huo kilele cha watazamaji wa Sky Sports kilifikia milioni 3.71, idadi ambayo kituo hicho hakikuwahi kuipata nje ya kandanda. Littler, ambaye zilikuwa zimebaki siku 18 atimize miaka 17, aliondoka na pauni 200,000.

6.0 Mwaka wa Uthibitisho, 2024

Wengi waliofika fainali wakiwa vijana hawakurudi tena. Kirk Shepherd, aliyefika fainali ya PDC mwaka 2008 akiwa na miaka 21, ndiye aliyekuwa akitajwa kama onyo. Swali la mwaka 2024 lilikuwa kama Littler angefuata njia hiyo.

Jibu lilikuja mapema. Mwezi huohuo wa Januari alitwaa taji la Bahrain kwa kumshinda van Gerwen katika fainali, baada ya kumaliza legi kwa vishale tisa katika mashindano hayohayo. Kisha aliitwa kucheza Premier League, mashindano ya wachezaji wanane yanayofanyika kila wiki kwa miezi kadhaa. Mwaliko huo ulizua mjadala wa haki: je, ni sawa kumtwika kijana wa miaka 17 mzigo wa safari na umati ambao wakongwe wenyewe huulalamikia? Mei 2024 alishinda fainali dhidi ya Humphries legi 11 kwa 7, akimaliza moja ya legi hizo kwa vishale tisa. Novemba akatwaa Grand Slam kwa kumshinda Martin Lukeman legi 16 kwa 3.

Hatimaye, tarehe 3 Januari 2025, mwaka mmoja kamili baada ya kukosa dabo ya 2, alirudi katika fainali ya dunia na kumshinda van Gerwen seti 7 kwa 3. Zilikuwa zimesalia siku 18 atimize miaka 18. Rekodi ya umri aliyoivunja ilikuwa ya mtu yuleyule aliyesimama mbele yake.

7.0 Mjadala

Mtu anaweza kupinga hoja ya insha hii kwa kusema kuwa mamia ya watoto wamepita katika vituo hivyohivyo bila kuwa mabingwa. Pingamizi hilo lina uzito, nalo linaonyesha mpaka wa hoja: malezi ni sharti la lazima lakini halitoshelezi. Hata hivyo, historia iliyofuata inaunga mkono upande wa mfumo. Gian van Veen, aliyeshindwa katika fainali ya vijana ya 2023, alitwaa ubingwa huo wa vijana mwaka 2024, na Januari 2026 alikutana tena na Littler, safari hii katika fainali ya dunia ya wakubwa, akashindwa seti 7 kwa 1. Vivyo hivyo, mwaka 2025 Beau Greaves, mwanamke kijana, alimtoa Littler katika nusu fainali ya ubingwa wa dunia wa vijana. Kipaji cha pekee kisicho na chimbuko hakizalishi wapinzani wa rika lake. Mfumo huzalisha kizazi.

8.0 Hitimisho

Miaka ya awali ya Luke Littler inafundisha tahadhari katika kuandika historia ya wanamichezo vijana. Simulizi la muujiza humtukuza mtoto, lakini huwafuta walimu wa vituo vya miji midogo, wazazi walioendesha magari mwishoni mwa kila wiki, na wachezaji wa 1992 waliogeuza mchezo wa baa kuwa ajira. Kwa upande mwingine, simulizi la mfumo peke yake huifuta ile nukta ya Januari 2024 ambapo kijana alikuwa peke yake na kishale kimoja mkononi, akakosa, kisha akarudi. Mtafiti wa michezo hana budi kuvishika vyote viwili. Mkono ulioundwa na wengi ndio uliorusha, lakini uliporusha haukuwa na msaidizi.