Danieli Hakufunga Dirisha

Mwaka 1971 Marekani ilibadili Katiba yake, kijana wa miaka 18 akapata haki ya kupiga kura. Hoja ilikuwa kwamba anayeweza kupelekwa vitani Vietnam hawezi kuitwa mtoto siku ya uchaguzi. Kwa hoja hiyo hiyo, majimbo mengi yakashusha pia umri wa kununua pombe. Lakini kila jimbo lilikuwa na umri wake. Vijana wakawa wanavuka mpaka kwenda kunywa, kisha wanarudi usiku wakiendesha magari, na wengi walifia njiani.

Mwaka 1980, huko California, dereva mlevi alimgonga na kumuua Cari Lightner, msichana wa miaka 13. Mama yake, Candy, akaanzisha chama cha akina mama wa kupinga ulevi barabarani. Tarehe 17 Julai 1984 Rais Ronald Reagan alitia sahihi sheria: jimbo litakaloruhusu aliye chini ya miaka 21 kununua pombe litakatwa sehemu ya fedha za barabara kuu. South Dakota ilipinga mahakamani, tena hadharani. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu iliamua dhidi yake, majaji 7 kwa 2. Jimbo likakubali, likabadili sheria yake. Kufikia mwisho wa 1988 majimbo yote 50 yalikuwa na umri mmoja.

Vyuoni mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwanafunzi huingia chuo akiwa na miaka 18, hivyo sehemu kubwa ya masomo yake humkuta chini ya umri huo. Wengi hawakuacha kunywa, walifunga mlango. Mwaka 2008 wakuu wa vyuo zaidi ya 100 walitia sahihi tamko la kutaka umri huo ujadiliwe upya, wakisema unywaji umejificha na umekuwa wa hatari zaidi. Wengine wakajibu kwamba sheria imeokoa maisha barabarani. Sheria ilibaki.

Wapendwa, hatari kubwa ya mlango uliofungwa ni hii: mmoja akizimia kwa pombe, wenzake huogopa kuita msaada wasije wakafukuzwa chuo. Humlaza kitandani wakisema atalala tu, itamtoka. Kumbe pombe iliyo tumboni huendelea kuingia katika damu, na aliyezimia anaweza kupaliwa na matapishi yake akafa. Kwa sababu hiyo vyuo na majimbo mengi yameweka kanuni kwamba anayemwitia mwenzake msaada hataadhibiwa kwa kunywa. Hata hivyo kanuni haimwondolei kijana hofu yote. Bado atajiuliza: nyumbani watasema nini? Kanisani je?

Hapo tumkumbuke Danieli. Alipokuwa kijana anayesomeshwa Babeli, aliikataa divai ya mfalme, naye aliomba ruhusa kwa msimamizi wake bila kujificha. Alipokuwa mzee, amri ilipomkataza kumwomba Mungu wake, aliomba madirisha yakiwa wazi, akatupwa katika tundu la simba. Aliyeona sheria ni mbaya aliikataa waziwazi na kupokea hukumu yake. Anayekunywa gizani hapingi sheria. Anatafuta tu asionekane. Na aliyezoea kujificha hushindwa kupiga simu saa ambayo simu hiyo ni uhai wa jirani yake.

Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Kijana wa miaka 19 akitoka huko kwenda kusoma Marekani, hukuta mlango aliokwisha kuupita umefungwa tena. Mzazi, kabla hajapanda ndege, mwambie aitii sheria ya anakokwenda. Mwambie pia kwamba akianguka, au mwenzake akianguka, aite msaada kwanza, kisha akupigie wewe. Adhabu ikija, aipokee. Nawe utasimama pamoja naye. Nasi washirika tuwe watu ambao kijana huyo anaweza kurudi kwao na kusema kweli, bila kuogopa kwamba Jumapili atakuwa gumzo.