Nguva: Mnyama wa bahari anayegeuka kuwa hadithi

MTOTO wa mwambao akisikia neno nguva leo, aghalabu humjia akilini kiumbe wa ngano, nusu mwanamke nusu samaki. Kwa wavuvi wakongwe wa visiwa vya Lamu na Kiunga, hata hivyo, nguva ni mnyama halisi, anayevuta hewa na kunyonyesha mtoto wake. Siku hizi akionekana hata mmoja tu, huwa ni habari ya kusimuliwa kijiji kizima.

Nguva si samaki. Katika ukoo wa wanyama, yu karibu zaidi na ndovu kuliko nyangumi au pomboo. Aliyekomaa hufikia urefu wa mita tatu na uzani wa kilo 400 hivi. Hula nyasi za baharini, ambazo huota katika maji ya kina kifupi yanayopata mwanga wa jua. Kwa siku moja aweza kula kilo 40 za nyasi hizo.

Taarifa za mwaka wa 1967 zilitaja kundi la takriban nguva 500 katika pwani ya kusini ya Kenya. Wataalamu walioihesabu pwani kwa ndege katika miaka ya 1990 waliona wachache mno, wa kuhesabika kwa vidole.

Mnamo Desemba 2022, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile (IUCN) liliwaorodhesha nguva wa Afrika Mashariki miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa zaidi ya kutoweka. Lilikadiria kwamba waliokomaa hawafiki 250 katika ukanda mzima. Wengi wao wako katika visiwa vya Bazaruto nchini Msumbiji. Katika nchi jirani ya Tanzania, eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa ndilo ambalo limekuwa likitoa habari zao mara kwa mara.

Ni nini kilichowamaliza? Zamani waliwindwa kwa ajili ya nyama, inayofanana na ya ng'ombe, na kwa ajili ya mafuta. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka wa 1977, lakini nyavu hazisomi sheria. Jarife linalotegwa usiku kucha kwa ajili ya papa na taa humnasa nguva vilevile. Kwa kuwa sharti aibuke kila baada ya dakika chache ili avute hewa, akinaswa hufa maji kabla mvuvi hajarudi. Meli zinazokokota nyavu za kamba na uchimbaji wa sakafu ya bahari nao huharibu malisho yake.

Hasara hiyo ni nzito kwa sababu nguva huzaa polepole. Mimba yake huchukua zaidi ya mwaka mmoja, naye huzaa mtoto mmoja tu, kisha hukaa kati ya miaka mitatu na saba kabla ya kuzaa tena. Hata mambo yakiwa mazuri kabisa, idadi yao haiongezeki kwa zaidi ya asilimia tano kwa mwaka. Hivyo basi, katika kundi la nguva 20, kifo kimoja cha ziada kila mwaka chatosha kufuta ongezeko lote. Vifo viwili hulimaliza kundi pole pole, pasipo mtu yeyote kukusudia.

Historia imekwisha kutoa onyo. Jamaa yake mkubwa zaidi, aliyeishi katika Bahari ya Bering, alijulikana kwa wanasayansi mwaka wa 1741. Kufikia 1768, wawindaji walikuwa wamemmaliza. Nchini Uchina nako, watafiti walitangaza mwaka wa 2022 kwamba nguva hawapo tena kwa idadi inayoweza kuendeleza kizazi.

Lakini nguva aweza kuishi jirani na binadamu. Maji ya Abu Dhabi, yenye bandari na visima vya mafuta, yangali na nguva wapatao 3,000, kwani malisho yao mengi yamehifadhiwa na nyavu kudhibitiwa.

Hapa kwetu, hatima yake imo mikononi mwa wavuvi, kwa kuwa ndio wanaomwona kwanza. Jarife likiondolewa kwenye nyasi, na aliyenaswa akiwa hai akaachiliwa na kuripotiwa, huenda jina hili likabaki na mwenyewe. La sivyo, wajukuu wetu watarithi ngano pekee.