Paa la Pwani: Chumvi Huanza na Msumari

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Paa likivuja halina nafuu kwa yeyote. Masika moja nilifika nyumbani kwa mama, Likoni, nikamkuta ameketi kwenye kiti pembeni ya chumba. Kitanda alikuwa amekisogeza mara tatu usiku huo, na msahafu wake ameufunga kwa nailoni. Nyumba ile tuliiezeka upya miaka 6 tu kabla, kwa mchango wa ndugu wanne, na mabati yalikuwa bado yanang'aa.

Nilimwita fundi mmoja mzee. Alipanda, akakaa kitambo, akashuka na msumari mkononi. Kutu ilikuwa imeula hata shingo yake imebaki kama sindano.

"Lakini mzee, bati si bado jipya?" nikamuuliza.

"Bati jipya, mwanangu. Msumari ndio mkongwe."

Tangu siku hiyo kila ninapokutana na fundi wa paa humuuliza maswali. Niliyoyapata nayaandika hapa kwa ajili ya anayejiandaa kuezeka, ili asichangishe ndugu mara mbili kama sisi.

Paa letu linapigana na nini

Kusi na kaskazi zote hutoka baharini, na hubeba matone madogo ya maji ya chumvi. Chumvi ikitua juu ya chuma huvuta unyevu, na hapo kutu huanza. Wengi hatujui kwamba sehemu inayonyeshewa huoshwa na mvua. Zinazoliwa mapema ni zile ambazo mvua haifiki: chini ya upenu, nyuma ya gata, kwenye mikunjo na matundu ya misumari. Kwa hiyo ukikagua paa usitazame juu pekee. Simama chini ya upenu uinue macho.

Kuna na jua linalokausha na kupasua, na kuna mvua ambazo siku hizi hazishiki ratiba. Novemba 2023 mvua za El Niño zilifurika Mombasa, Kilifi, Kwale na Tana River. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikapiga pwani ya jirani zetu Tanzania. Paa la kwetu halina budi kustahimili ukame na gharika katika mwaka mmoja.

Makuti

Kwa ubaridi hakuna linaloyashinda, na chumvi haiyadhuru. Ya kuezekea ni makuti ya viungo, si ya kumba. Siri yake ni mwinamo na msongamano: paa liwe kali, karibu digrii 45, na makuti yapangwe karibu karibu, maji yateremke bila kutuama. Ukibania makuti, au ukililaza paa ili kupunguza gharama, litaoza upesi. Hata likiezekwa vizuri, jiandae kuezeka tena baada ya miaka michache. Hatari yake kubwa ni moto, hasa mitaa ambayo nyumba zimebanana. Tena maji yake hayafai kuingizwa kwenye tangi la kunywa.

Mabati

Hapa ndipo wengi wetu tulipo, na ndipo tunapodanganyika. Kwanza geji: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 30 ni jembamba kuliko 28, na 28 kuliko 26. Karibu na bahari mimi singeshuka chini ya unene wa geji 28.

Pili, ngozi ya bati. Bati la kawaida hupakwa zinki peke yake. Lipo jingine linalopakwa mchanganyiko wa alumini, kama asilimia 55, na zinki. Hilo hustahimili chumvi zaidi, na likiongezewa rangi kiwandani ni bora tena. Lakini halipendi kugusana na saruji mbichi, shaba, wala mbao mbichi zilizotiwa dawa yenye shaba.

Tatu, misumari. Usilipe bati zuri ukaligongelea msumari wa bei ya chini. Chukua skrubu zilizopakwa vizuri, zenye washa za mpira, na usimruhusu fundi kuzikaza mpaka mpira upasuke. Bati likatwe kwa mkasi wa bati. Grainda huunguza ngozi yake, na cheche zake hunata juu ya paa zikawa madoa ya kutu.

Joto nalo lina dawa: chagua rangi nyeupe au ya kufifia, weka dari, na acha matundu ya hewa kati ya dari na bati.

Vigae

Nyumba nyingi kongwe za Mombasa zina vigae vyekundu vya udongo vya Mangalore, India, ambako kiwanda cha kwanza cha vigae hivyo kilianza miaka ya 1860. Udongo uliochomwa vizuri hauna kutu. Tatizo ni uzito. Vigae vya saruji hufikia kilo 40 na zaidi kwa mita moja ya mraba, ilhali bati la geji 28 halifiki kilo 5. Usivipandishe juu ya mbao zilizokuwa zimebeba bati kabla mhandisi hajazikagua.

Vipo pia vigae vya chuma vilivyopakwa chembe za mawe. Ni vyepesi, hupunguza kelele za mvua na hupendeza. Kumbuka tu kwamba ndani ni chuma, na kingo zilizokatwa zahitaji kupakwa rangi siku hiyo hiyo. Vigae vya lami hutaka mbao chini yake paa zima, na mbao hizo zikipata unyevu au mchwa, kazi yote imepotea.

Asbesto

Ikiwa nyumba yako ya zamani ina mabati ya asbesto, usiyavunje, usiyatoboe, usiyasugue. Vumbi lake huharibu mapafu. Kanuni za taka za mwaka 2006 ziliihesabu kuwa taka hatari, na kuiondoa ni kazi ya wenye kibali cha NEMA.

Hesabu ya kweli

Usilinganishe bei ya dukani. Gawanya gharama yote, pamoja na fundi, kwa miaka unayotarajia paa lidumu. Tuseme paa moja ni shilingi 100,000 na litadumu miaka 6, jingine ni 180,000 na litadumu miaka 18. La kwanza linakula zaidi ya 16,000 kwa mwaka, la pili 10,000. Wakati wa kununua la kwanza huonekana rahisi, na rahisi ndiyo ghali.

Kabla hujalipa, muulize muuzaji mambo matatu: geji ni ngapi, limepakwa nini, na dhamana yasemaje kuhusu nyumba iliyo karibu na bahari. Watengenezaji wengi huweka masharti hapo. Yaombe kwa maandishi.

Kwa mama hatukubadilisha paa zima. Tulitoa misumari yote, tukaweka skrubu, tukabadilisha mabati manane yaliyooza upenuni, na kila kiangazi kijana mmoja huosha chini ya upenu kwa maji baridi. Masika yaliyofuata nilimpigia simu usiku, mvua ikinguruma. Alichelewa kupokea. Alikuwa amelala.