Bunduki ya marisau

Bunduki ya marisau (pia: shotigani) ni bunduki yenye mtutu laini kwa ndani inayorusha punje nyingi ndogo za risasi kwa mkupuo mmoja. Punje husambaa hewani, hivyo hufaa kuwinda ndege na wanyama wadogo walio karibu.

Mkoani Mtwara mwindaji wa kanga na kwale amekuwa akichagua hasa kati ya bunduki hiyo na gobore. Gobore hushindiliwa baruti na vipande vya chuma kupitia mdomo wa mtutu. Hutengenezwa na wahunzi, kwa hiyo bei yake ni nafuu, lakini baruti huharibiwa na unyevu wa pwani, na likishindiliwa kupita kiasi huweza kumpasukia mwenyewe.

Bunduki ya mitutu miwili ni salama zaidi: ikikunjwa, kila aliye karibu huona kama ina risasi. Mitutu ikiwa sambamba, kwa kawaida huwa nyepesi kubeba. Ikiwa juu na chini, kulenga ni rahisi zaidi. Zinazojipakia zenyewe hupunguza teke begani, ila mchanga na chumvi huzikwamisha.

Punje za risasi zinazobaki topeni humezwa na bata na kuwasumisha. Hilo ni jambo zito kwenye mlango wa Ruvuma, ulio ndani ya hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000.

Nchini Tanzania kumiliki silaha kunahitaji leseni chini ya sheria ya mwaka 2015. Kuwinda kunahitaji leseni nyingine, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009.