Uru Nyeusi na Vidato vya Mlima

Mwendesha baiskeli ya milimani hupanda baiskeli ili ashuke mlima, na hakuna Mswahili anayeona ajabu. Kitenzi hicho kimezoea kubeba mizigo miwili: ukimwambia mtu apande mnazi, huenda akachukua jembe, huenda akavua viatu.

Kazi ya kuutafutia mchezo huu maneno ya Kiswahili inakuwa ngumu kwenye madaraja ya ugumu wa njia. IMBA, chama cha waendesha baiskeli za milimani cha Marekani, kiliazima alama kutoka kwa wanaoteleza thelujini: duara la kijani, mraba wa buluu, kisha ile nyeusi tunayokimbilia kuiita almasi. Almasi ni kito. Umbo lenyewe wacheza karata wanalo jina lake zamani: uru. Ni kweli uru ya karata ni nyekundu, lakini mwenye kuiona nyeusi kibaoni atashtuka, na hapo ndipo anapotakiwa ashtuke.

Mraba wa buluu na uru nyeusi hufasiriwa upesi kuwa njia ya “wenye uzoefu wa kati” na njia ya “wabobezi”. Siyapendi majina hayo. Alama hupima ardhi, hazimpimi mtu. Kwenye buluu, kijia huwa na upana wa sentimita 60 hivi au zaidi, wastani wa mteremko hauzidi asilimia 10, na kikwazo usichoweza kukikwepa hakizidi sentimita 20 kwenda juu. Kwenye nyeusi upana unaweza kushuka hadi 30, wastani ukafika asilimia 15, na jiwe likasimama sentimita 38. Mbobezi aliyechoka jioni atalikuta jiwe ni lile lile.

Waasisi wa mchezo huu walijua kuipa njia jina. Katika miaka ya 1970, karibu na Fairfax, Kaunti ya Marin huko California, vijana walishindana kuteremka barabara ya mlimani kwa baiskeli kuukuu, nzito, zenye breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Mteremko ulikuwa mkali hata grisi ya ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma ikaungua ikatoka moshi. Ukifika chini, ulifungua kitovu ukakijaza grisi upya. Barabara ikaitwa Repack, yaani jaza tena. Jina limetoka kwenye breki, kwa sababu breki ndiyo iliyoumia.

Kwa mtindo huo, ngazi za mawe zinazomwangusha mpandaji kutoka tabaka hadi tabaka ningeziita vidato, kama vile vilivyochongwa kwenye shina la mnazi. Shule zimelichukua neno, lakini halijahama. Tuta nalo ni la bustani, la mchanga, na la barabarani linalowavunjia madereva springi. Halitalemewa likiongezewa tuta la kona, ule udongo ulioinuliwa ukingoni ili gurudumu liegemee bila kuponyoka.

Zimebaki uru mbili nyeusi, daraja la juu kabisa, lenye wastani wa asilimia 20 au zaidi. Hapa sihitaji kubuni chochote. Kushuka ukaishikilia baiskeli ubavuni, au kuisukuma mlima ulipokushinda, Kiswahili kinakuita kukokota, na kwenye uru mbili hata mabingwa hukokota.