KARATASI ZA MIFUKO YA SIMITI
Kumbukumbu ya masomo ya sanaa ya watoto wadogo, Mulanda, Tororo

Habari za chakula, maji na mahema zimekwisha kuandikwa na wenzetu katika toleo hili. Sisi tuliokaa na watoto wadogo tunaandika habari za karatasi.

Baada ya matokeo ya uchaguzi wa Kenya kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, maelfu ya watu walivuka mpaka kupitia Busia na Malaba. Mwanzoni mwa mwaka 2008 wengi wetu tulipelekwa kambi ya muda ya Mulanda, wilayani Tororo. Watoto wakubwa walihangaikiwa mambo ya shule. Wadogo walizurura kati ya mahema, na wengine hawakuwa wakisema neno.

Karatasi nyeupe hatukuwa nayo. Lakini Tororo ni mji wa simiti tangu kiwanda kilipojengwa miaka ya 1950, na mafundi wa ujenzi hutupa mifuko. Tuliikung'uta mbali na watoto, tukaondoa tabaka la ndani kwa kuwa vumbi lake huchoma ngozi, tukabaki na karatasi ya kaki iliyo imara. Rangi ilikuwa udongo mwekundu, makaa yaliyosagwa, majivu, binzari na bluu ya kufulia.

Mtoto hakuambiwa achore kitu. Alipaka karatasi nzima kwanza, na kabla haijakauka akapitisha kitana, gunzi la mahindi, ufagio au vidole vyake. Kesho yake, karatasi zikiwa kavu, alichana vipande na kuvibandika: mistari ya kitana ikawa paa la nyasi, alama za gunzi zikawa mbuzi. Makasi tulikuwa nayo moja tu, kwa hiyo wengi walichana kwa mkono, na kusema kweli paa lililochanwa lilipendeza zaidi.

Akina mama walitucheka. Walisema hiyo ni kazi ya kukandika nyumba. Ni kweli. Pande zote mbili za mpaka, mama anayesiriba ukuta kwa udongo na mavi ya ng'ombe huburuta vidole na kuacha mapambo. Kule Nyero, Kumi, kaskazini ya Tororo, kuna miamba yenye miduara iliyochorwa kwa rangi nyekundu na nyeupe zamani sana. Waganda nao hupiga gome la mutuba kwa nyundo zenye mifuo, na mifuo hiyo hubaki kwenye nguo. Bibi Margaret Trowell, alipoanza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, hakutaka wanafunzi wanakili picha za Ulaya. Aliwasimulia jambo, nao wakachora walivyoliona akilini. Huko Ufaransa, Henri Matisse, aliyedhoofishwa na upasuaji wa mwaka 1941, alikata picha zake kutoka karatasi zilizopakwa rangi kwanza. Hatukuwa tumebuni kitu kipya.

Ugomvi uliletwa na gundi. Tulipika uji mzito wa unga wa posho, na unga huo ulikuwa mgao wa watu. Baba mmoja alisimama mkutanoni akauliza kama watoto watakula picha. Hatukuwa na jibu la kumridhisha, na hata leo hatudhani alikosea. Tukakubaliana kutumia maji ya kuloweka ukoko wa masufuria tu. Gundi ikawa dhaifu, picha nyingi zikabanduka.

Lilitokea na jambo la pili. Mgeni mmoja aliomba picha zote nyeusi, zile za nyumba zinazoungua, akazionyeshe kwingine. Picha za mbuzi hakuzitaka. Wazazi walikataa, nasi tuliwaunga mkono, maana aliyebandika nyumba nyeusi Jumatatu ndiye aliyebandika mbuzi Alhamisi.

Baadaye waliobaki walihamishiwa Kiryandongo. Mizigo ilikuwa mingi na picha nyingi ziliachwa. Mama mmoja alikunja ya mwanawe, akaiweka pamoja na kadi ya mgao. Paa lake limebanduka, lakini alama za kitana bado zinaonekana.